Uzi: Timu ya watoto uswahilini, kuanzia kiwanja, mipira na daftari hadi pesa

#1 Kocha wa Mchangani

Wakuu, habari za jioni. Kila likizo inapokaribia swali ni lile lile humu: nataka kuanzisha timu ya watoto mtaani kwetu, nianzie wapi? Na majibu mengi huanza na jezi. Jezi ziwe za mwisho kabisa. Timu za watoto za Manzese, Tandale, Vingunguti au Mbagala hazifi kwa kukosa jezi. Zinakufa kwa sababu mtoto alifika kiwanjani Jumatano akakuta hakuna mtu, akafika Ijumaa akakuta watu wazima wanacheza ndondo, wiki iliyofuata hakuja tena. Kwa hiyo naanza na siku na saa.

RATIBA. Siku mbili katikati ya wiki na Jumamosi asubuhi zinatosha. Kabla hujapanga, zungukia shule za jirani ujue zipi zina zamu mbili, kisha zungukia madrasa ujue watoto wanatoka saa ngapi. Ukipanga saa 9 alasiri umeshawapoteza wa madrasa wote. Kwa Dar muda unaokaa vizuri ni saa 10:30 hadi 11:45 jioni, maana kuna miezi jua linazama saa 12 na robo na mtoto anatakiwa awe kwao kabla ya giza. Jumamosi saa 1:30 hadi saa 3 asubuhi, jua halijawa kali. Ukishapanga usibadili. Makocha wakiwa wawili, mmoja akiumwa mwenzake anafungua. Kocha mmoja peke yake hana programu, ana mazoea tu.

KIWANJA. Usisubiri kiwanja kamili. Eneo la mita 40 kwa 30 (hatua ndefu za mtu mzima zinakupa makadirio) unaligawa viwanja vinne vya mita 20 kwa 15. Kila kimoja wanacheza wanne kwa wanne bila golikipa, magoli madogo ya upana wa hatua mbili. Hapo watoto 32 wanacheza kwa wakati mmoja. Eneo hilo hilo ukicheza 11 kwa 11, kumi wanakaa nje wakichezea mchanga, na kati ya 22 walio ndani wanaogusa mpira ni wale wanne au watano wenye mwili. Mdogo wa darasa la pili anakimbia jioni nzima bila kuugusa, halafu tunasema hana kipaji.

Alama: chupa za maji za lita 1.5, mchanga hadi nusu, kifuniko kimefungwa. Usikate chupa, ukingo wake unachana miguu. Matofali na mawe hapana, ndiyo yanayovunja vidole. Mistari ichorwe kwa majivu au kwa kukwaruza ardhi. Chokaa ya ujenzi inaunguza macho na vidonda, na mtoto wa uswahilini ana kidonda mguuni karibu wakati wote.

KIPINDI. Dakika 70:
- dakika 10 mchezo wa kukimbizana, siyo kuzunguka kiwanja;
- dakika 15 wawili wawili na mpira mmoja, pasi na kutuliza;
- dakika 15 watatu wanapigiana pasi, mmoja katikati anautafuta, mnabadilishana;
- dakika 25 mechi za wanne kwa wanne, kila dakika 5 timu zinahamia kiwanja kingine;
- dakika 5 maji, matangazo, daftari.

Kosa linaloua kipindi ni foleni. Ukiona watoto 15 wamepanga mstari wakisubiri kupiga shuti moja moja, kila mmoja amepiga mara tatu kwa nusu saa na wa nyuma wameanza kupigana. Mstari ukizidi watoto wanne, gawanya.

Kwa watoto 32 unahitaji mipira 16 ili wawili wawili wapate, na hapo ndipo watu wanapokata tamaa. Ukiwa na minane ya dukani, minane mingine fungeni ya matambara: sponji katikati, mifuko laini juu yake, halafu soksi au kipande cha kitambaa, kisha kamba ya manila kwa mafundo ya kukatizana. Mpira huo wa matambara, wa chandimu, haudundi sana, kwa hiyo unafaa sana kwa kutuliza na kukokota kwenye ardhi yenye vishimo.

#2 Fundi Viatu wa Sokoni

Mkuu umemaliza, mimi naongezea upande wa mipira tu maana ndiyo inayoletwa kwangu.

Saizi: chini ya miaka 8 namba 3, miaka 8 hadi 12 namba 4, kuanzia 13 namba 5. Beba futi ya fundi cherehani dukani. Namba 4 mzunguko wake ni kama sentimita 63.5 hadi 66, namba 5 ni 68 hadi 70. Usiamini namba iliyoandikwa tu. Mtoto wa miaka 9 akipewa namba 5 anajifunza kupiga kwa kidole gumba cha mguu, kwa sababu ndiyo njia pekee ya kuufikisha mbali.

Kwenye changarawe chukua mpira wa raba. Wa kushonwa kwa uzi unasagika kwenye mishono, paneli zinaachia moja baada ya nyingine. Ulioshonwa una faida moja, unatengenezeka.

Mipira mingi haipasuki, inauawa na sindano ya pampu. Sindano kavu inachana vali. Lowanisha kwa tone la glisirini, au hata maji safi, iingize wima huku ukiizungusha taratibu. Usijaze hadi uwe jiwe. Bonyeza kwa vidole gumba viwili, ikididimia kama nusu sentimita inatosha watoto.

Blada ikitoboka: fungua mshono wa paneli moja karibu na vali kiasi cha vidole vitatu, vuta blada, ijaze upepo, izamishe kwenye beseni la maji uone mapovu. Kausha, sugua kwa msasa, paka solusheni ya baiskeli, subiri ikauke hadi isinate kidoleni, ndipo ubandike kiraka cha tyubu. Wengi wanabandika solusheni ikiwa bado mbichi, kiraka kinatoka siku ya pili. Kushona rudi kwenye matundu yale yale ya zamani na uzi uliopakwa nta. Ukitoboa mapya ngozi inachanika mstari mzima.

#3 Nesi wa Zamu

Kocha, daftari umeligusa dakika 5 za mwisho ukapita. Kwangu daftari ndilo la kwanza, kabla hata ya filimbi. Kaunta buku moja, safu hizi: jina kamili, tarehe ya kuzaliwa, shule na darasa, jina la mzazi au mlezi, namba mbili za simu, ugonjwa alionao, saini ya mzazi. Safu ya ugonjwa isiandikwe "hana" kwa mazoea. Uliza kwa majina: pumu, selimundu, kifafa, moyo.

Mwenye selimundu anaweza kucheza iwapo kliniki yake imekubali, lakini anywe maji kila dakika 15, apumzike anapotaka yeye, asikimbizwe mbio za kushindana hadi aishiwe pumzi, asikae na nguo mbichi kwenye upepo. Akisema mifupa inauma au kifua kinabana, mazoezi yameisha, hospitali. Mwenye pumu dawa yake ya kuvuta iwe mkononi mwa kocha, siyo nyumbani kabatini.

Kifafa: mlaze ubavu, ondoa watu, usimshike kwa nguvu, usimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni, angalia saa. Ikipita dakika 5, gari.

Akigongwa kichwa halafu akawa anauliza mambo yale yale, anayumba au anatapika, harudi mchezoni siku hiyo hata akilia. Apelekwe hospitali.

Damu ya pua: akae, ainame mbele, abane sehemu laini ya pua dakika 10 bila kuachia. Kumlaza chali ndiko kunamfanya ameze damu.

Vidonda: maji safi mengi na sabuni, kitambaa safi. Kidonda cha msumari au kioo kichafu ni habari ya pepopunda, muulize mzazi kadi ya kliniki na mtoto aende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Mafuta ya taa na kahawa ya unga vibaki jikoni.

Maji ya kunywa: ndoo yenye koki na kifuniko, maji yaliyochemshwa au kutiwa dawa kwa kipimo cha kwenye chupa, kila mtoto kikombe au chupa yake. Kata moja inayochovywa na watoto 30 ndiyo inayopeleka kuhara mtaa mzima.

#4 Kocha wa Mchangani

Sawa dada, nimekubali, daftari lipande juu. Na usafi wa kiwanja nao: watu wazima wawili wapite na reki, koleo na glavu nusu saa kabla. Vioo, misumari, sindano. Sindano ziingie kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko, usitupie kwenye kiroba. Watoto wasitumwe kuokota.

#5 Jirani wa Mathare

Hamjambo wadau. Hapo kwa usafi naomba nitofautiane kidogo. Sindano na vioo, ni kweli, ziachiwe watu wazima. Lakini usafi wa mtaa kwa jumla msiwatolee watoto kabisa. Huku Nairobi, MYSA, chama cha michezo cha vijana wa Mathare, imesimama tangu 1987 kwa jambo hilo hilo: timu inayofanya usafi wa mtaa inapata pointi, na pointi hizo zinaingia kwenye msimamo wa ligi pamoja na za mechi. Timu inaweza kushinda uwanjani na bado ikawa chini kwenye jedwali kwa kukwepa reki. Kutoka mfumo huo ilizaliwa klabu ya Mathare United, iliyochukua ubingwa wa ligi kuu ya Kenya mwaka 2008.

Ukitaka kuiga, panga hivi. Usafi uwe siku yake, si dakika kumi kabla ya mechi. Kila timu ipewe kipande kinachojulikana, kutoka duka fulani hadi daraja fulani. Msimamizi atoke timu nyingine, kwa sababu kocha akijipimia mwenyewe kila wiki ni alama zote. Vifaa: reki, fagio, toroli au mkokoteni mmoja, glavu, viatu vya kufunika vidole. Na mjue taka zinaenda wapi kabla ya kuzikusanya! Zikizolewa kutoka mtaro zikawachwa kando, mvua ya kwanza inazirudisha zote, na wazazi wanaona watoto wao wametumiwa bure.

Kitu cha pili kutoka huko ni tuzo za uongozi. Kijana anakusanya pointi kwa kufundisha wadogo, kuchezesha mechi, kufika kwa wakati, na karo yake inalipwa moja kwa moja kwa shule. Hiyo inatatua shida yenu ya kocha mmoja: vijana wa miaka 15 na 16 wanafundisha wa miaka 9 chini ya mtu mzima.

#6 Mama Netiboli

Nimesoma hadi hapa, sijaona msichana. Mnaandika "watoto" lakini ratiba yenu ni ya wavulana. Saa 10:30 jioni ndiyo saa ya kuteka maji, kuosha vyombo na kubeba mdogo mgongoni. Mkitaka wasichana, mambo matano:

Kwanza, mwende nyumbani kwa mama au bibi, siyo kumtuma mtoto na karatasi. Mzazi anataka kumjua anayemfundisha binti yake na anarudi saa ngapi. Jumamosi asubuhi huwa inakubalika kuliko siku za wiki.

Pili, kocha mwanamke awepo. Akikosekana kocha, basi mlezi mwanamke anayekaa kiwanjani muda wote.

Tatu, choo chenye mlango unaofungwa kwa ndani, maji, na pedi za akiba kwenye begi la huduma ya kwanza. Pasipo choo, wasichana wakubwa wanaanza kukosa siku kadhaa kila mwezi, kisha wanaacha kabisa.

Nne, mavazi. Suruali ya michezo na hijabu isiyo na pini haizuii mchezo wowote. Bukta isiwe sharti.

Tano, anzeni na wanachokijua. Rede wanacheza wenyewe uchochoroni tangu wadogo: kukwepa, kulenga, kudaka. Mtoto aliyekomaa kwenye rede ukimpeleka kwenye netiboli anadaka kabla hujamfundisha. Uwanja wa netiboli ni mita 30.5 kwa 15.25, pete juu mita 3.05, wachezaji saba. Kwa wadogo shusheni pete hadi mita 2.5 hivi. Mlingoti ni bomba la chuma kwenye tairi lililojazwa zege, linabiringishwa ndani jioni lisiibiwe.

#7 Mdau wa Mbagala

Nguzo za magoli. Magoli ya chuma ya kuhamishika yameua watoto sehemu nyingi duniani, kwa njia ile ile: mtoto anabembea kwenye mtambaa wa juu, goli linamwangukia kifuani au kichwani. Bomba la nyuma likaziwe kwa nondo ya milimita 12 iliyokunjwa, iingie ardhini angalau sentimita 60. Kwenye mchanga wa Mbagala nondo haishiki, wekeni viroba vinne vya mchanga vya kilo 25 juu ya bomba la nyuma. Mkimaliza kucheza, goli lilazwe kifudifudi au lifungwe kwenye ukuta kwa mnyororo. Kama hamuwezi hayo, chimbieni milunda. Kwa wa wanne kwa wanne chupa zinatosha, hakuna haja ya chuma.

Halafu kiwanja cha shule: mkiongea na mwalimu mkuu kwa mdomo, akihamishwa na makubaliano yamehamishwa. Andikeni karatasi moja: siku, saa, nani anasafisha, nani anafunga geti, kioo kikivunjika nani analipa. Nakala shuleni, nakala serikali ya mtaa, nakala kwenu. Mihuri yote miwili.

#8 Mhazini

Karatasi ya mtaa ndiyo hiyo hiyo inayowafungulia usajili. Chama au klabu ya michezo husajiliwa chini ya sheria ya Baraza la Michezo la Taifa ya mwaka 1967, na njia yake inaanzia kwa afisa utamaduni au afisa michezo wa halmashauri yenu. Andaeni katiba, muhtasari wa kikao na majina ya viongozi. Msikimbilie hatua hii wiki ya kwanza, lakini msikae miaka bila hiyo, kwa sababu mfadhili makini huanza kwa kuiuliza.

Pesa: isikae kwenye simu ya kocha. Akaunti ya kikundi, watia saini watatu, wawili wanatosha kutoa, na mmojawapo awe mzazi. Daftari la pesa safu nne: tarehe, imeingia, imetoka, imebaki. Kila mwisho wa mwezi karatasi ibandikwe ofisi ya mtaa au dukani. Maneno ya "mwalimu anakula hela ya watoto" huanza pale tu ambapo hakuna karatasi.

Ada? Naona wengi humu wanapenda ada ya kila wiki. Mimi siipendi. Mtoto asiye nayo hasemi hana, anaacha kuja. Afadhali zamu: mzazi huyu anachota ndoo ya maji Jumatano, yule anasimamia choo Jumamosi.

Wagombea: msimu wa uchaguzi jezi zinaletwa zenyewe, zina picha na rangi. Pokeeni mipira, koni na pampu. Jezi zenye sura ya mtu zinawagawa wazazi, na akishindwa mnabaki nazo.

#9 Kocha wa Mchangani

Mhazini, hapo kwenye ada tunapingana. Bila chochote kutoka kwa mzazi hakuna anayekuja hata kwenye kikao. Lakini zamu nazikubali kama ndiyo mchango wenyewe, mradi ziandikwe.

Niongeze vijeba (waliozidi umri wanaojifanya wadogo) na mawakala, maana vinakuja pamoja. Mkiandaa bonanza la chini ya miaka 13, umri uthibitishwe kwa vitu viwili kati ya vitatu: cheti cha kuzaliwa cha RITA, kadi ya kliniki, rejista ya shule. Majina yafungwe siku saba kabla, wala msikubali cheti kinacholetwa asubuhi ya mechi. Zawadi iwe mipira. Zawadi ikiwa mbuzi na pesa taslimu, watu wazima wanaanza kuweka kamari, na kijeba ataletwa kutoka hata Kibaha.

Wakala anayemwambia mzazi atoe hela ya pasipoti ili mwanawe wa miaka 14 akasajiliwe Ulaya, mwambieni kanuni za FIFA haziruhusu uhamisho wa kimataifa chini ya miaka 18 isipokuwa kwa masharti machache sana. Kilicho halali ni hiki: mchezaji akiuzwa klabu ya nchi nyingine kabla mkataba wake kuisha, asilimia 5 ya ada ya uhamisho hugawiwa klabu zilizomlea kati ya msimu wa miaka 12 na wa miaka 23. Anayelipwa ni klabu iliyosajiliwa, yenye mchezaji aliyesajiliwa kwa jina lake. Kumbe kaunta buku ya nesi bila usajili wa Mhazini haitoshi.

#10 Nesi wa Zamu

Na ulinzi wa mtoto uandikwe ubaoni, siyo moyoni. Mtu mzima mmoja asibaki na mtoto mmoja chumbani, garini wala kwenye stoo ya mipira. Ujumbe wa simu uende kwa mzazi. Safari ya kulala nje ya mtaa: walezi wawili, mmoja mwanamke kama kuna wasichana, wazazi wasaini. Kocha mpya alete barua ya mtaa anaotoka na wadhamini wawili, na wadhamini wapigiwe simu kweli. Mtoto akisema ametendewa jambo baya, msimhoji mara tano wala msiitishe kikao cha kupatanisha. Piga 116 au nenda dawati la jinsia na watoto la polisi. Kuna Sheria ya Mtoto ya 2009, hilo si suala la wazee wa mtaa kumaliza kwa faini. Picha za watoto zisirushwe mitandaoni bila ridhaa ya mzazi, hasa zenye jina na sare ya shule.

#11 Mgeni wa Jukwaa

Asanteni wakubwa. Swali moja: masika mnafanyaje? Kwetu kiwanja kipo bondeni.

#12 Kocha wa Mchangani

Karibu. Radi ikisikika tu, wote ndani ya jengo, siyo chini ya mwembe, na msirudi hadi dakika 30 zipite tangu radi ya mwisho. Bondeni maji ya mafuriko huja na ya vyoo, kwa hiyo hata kama watoto wanalilia kucheza kwenye dimbwi, hapana: subirini pakauke kabisa, pitisheni reki upya. Wiki hizo tafuteni veranda ya shule au ukumbi wa mtaa. Dakika 45, siku na saa zile zile: kamba ya kuruka, rede ndogo, pasi za mpira wa matambara ukutani, sheria za mchezo kwa wale wanaotaka urefa.

#13 Fundi Viatu wa Sokoni

Na mipira iliyolowa futeni tope, toeni upepo kidogo, ikaushwe kivulini. Ikianikwa juani imejaa, gundi ya paneli inaachia, na hiyo hata mimi siirudishi.